Saa Kumi na Mbili ya Nani? Tathmini ya Tiketi Mtandao ya Basi la Usiku Kutoka Moshi

Kwa muda wa miezi saba nimekata tiketi nne za basi kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam kupitia huduma moja ya tiketi mtandao ambayo sitaitaja jina, kwa sababu kasoro ninayotaka kuieleza nimeiona kwenye huduma nyingine pia, na ningependa isomwe na wote wanaohusika badala ya kumwangukia mmoja. Tiketi mbili zilikuwa za shangazi yangu na mbili zilikuwa zangu mwenyewe. Huduma ni nzuri katika karibu kila jambo ambalo abiria hulitarajia, nami nitalisema hilo kwa haki. Inapofika kwenye saa ya kuondoka, hata hivyo, inaandika kwa namna ambayo msomaji wa Kiswahili hawezi kuielewa kwa uhakika, hasa saa hiyo inapokuwa saa sita usiku, na tiketi isiyoeleweka saa yake imepungukiwa na kitu cha kwanza ambacho abiria anakihitaji.

Mazuri yake ni haya. Ukurasa hufunguka haraka hata mtandao unapokuwa dhaifu, kama unavyokuwa kwetu Kibosho nyakati za mvua. Unachagua unakotoka na unakokwenda, unachagua siku, kisha unachagua siti kwenye mchoro wa basi, na mchoro huo ni wa kweli, maana siti ya dirishani niliyoichagua ndiyo niliyoikuta. Malipo hufanyika kwa simu, ujumbe wa uthibitisho hufika ndani ya dakika moja au mbili, na nauli iliyoandikwa ndiyo inayokatwa. Anayekumbuka jinsi wapiga debe walivyokuwa wakituvuta mikono na kutunyang'anya mabegi pale stendi ataona thamani ya kukata tiketi akiwa ameketi nyumbani kwake. Basi lenyewe lilikuwa safi, mikanda ya siti ilifungika, na dereva alikwenda kwa mwendo wa utaratibu kupitia Same, Korogwe, Segera na Chalinze hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi.

Sasa nieleze kilichotokea kwenye tiketi ya kwanza. Shangazi alikuwa na miadi ya kliniki ya macho Dar es Salaam siku ya Alhamisi asubuhi, akaniomba nimkatie basi la Jumatano, lile la asubuhi na mapema, ili afike jua lingalipo na alale kwa binti yake. Nilifungua huduma, nikachagua Jumatano, na basi la kwanza kabisa kwenye orodha lilikuwa limeandikwa 12:00 AM. Sikusita hata kidogo. Tangu nikiwa mtoto nimejua kwamba mabasi ya Dar huondoka Moshi saa kumi na mbili asubuhi, namba kumi na mbili ilikuwa mbele ya macho yangu, na herufi AM nilifundishwa shuleni kuzisoma kama asubuhi. Nikalipa. Jumatano saa kumi na moja na robo alfajiri tulikuwa stendi, shangazi amejitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi ya mlima, mfuko wa ndizi na maparachichi ya wajukuu ukiwa miguuni pake. Wakala alimwamkia kwa heshima, akaitazama simu yangu, akaitazama tena, kisha akasema, "Mama, gari hili limeondoka saa sita usiku. Sasa hivi limeshapita Korogwe."

Nauli haikurudishwa, kwa kuwa katika kumbukumbu za mfumo abiria hakufika. Tulikata tiketi nyingine dirishani, ya basi la saa mbili asubuhi, na shangazi akafika Mbezi giza limeshaingia, akiwa amechoka na macho yakimuuma. Aliponipigia simu kunijulisha kwamba amefika salama, aliniambia, "Mwanangu, usijilaumu, ila ukimpata aliyeiandika hiyo saa, muulize alikuwa anamwandikia nani." Swali lake limenikaa moyoni tangu siku ile.

Wapo watakaosema kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa 12:00 AM katika saa za Kizungu ni saa sita usiku, na kila simu inaonyesha hivyo. Ni kweli kwamba simu zetu zinaonyesha hivyo. Lakini desturi hiyo haina msingi imara hata kwa wenyewe walioianzisha. AM na PM ni vifupisho vya maneno ya Kilatini, ante meridiem na post meridiem, yaani kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri. Adhuhuri yenyewe, ile nukta ambapo jua liko katikati ya safari yake, haiwezi kuwa kabla ya adhuhuri wala baada ya adhuhuri. Saa sita usiku nayo iko umbali wa saa 12 kutoka adhuhuri iliyopita na saa 12 kutoka adhuhuri ijayo, hivyo ingeweza kuitwa kwa herufi zozote kati ya hizo na pasiwe na wa kupinga. Mwongozo wa uandishi wa serikali ya Marekani, katika toleo la mwaka 2000, uliagiza kwamba 12 a.m. ni adhuhuri na 12 p.m. ni saa sita usiku. Toleo la mwaka 2008 likaligeuza agizo hilo juu chini. Taasisi ya viwango na teknolojia ya nchi hiyo, ambayo ndiyo mtunzaji wa saa zake rasmi, huwashauri watu waziepuke herufi hizo kabisa kwenye saa 12 na badala yake wataje adhuhuri au usiku wa manane kwa neno, na pale ambapo mkataba au ratiba inahitaji uhakika, waandike 11:59 au 12:01 ili asiwepo wa kubahatisha. Ikiwa waliozaliwa na herufi hizo wanahitaji tahadhari kubwa namna hiyo, abiria anayezisoma Moshi kwa kutumia lugha yake anastahili tahadhari iliyo kubwa zaidi.

Nimekaa na karatasi nikaziandika saa zote za orodha yao, kutoka 12:00 AM hadi 11:00 PM, na pembeni nikaandika jinsi msomaji wa Kiswahili anavyoweza kuzisoma. Nilichokiona kilinishangaza. Ukikuta 9:00 AM, huwezi kupotea, kwa sababu hakuna mtu anayesema saa tisa asubuhi. Akili inakataa usemi huo papo hapo na kuigeuza namba kuwa saa tatu. Vivyo hivyo kwa 7:00 AM, 8:00 AM na 10:00 AM. Usemi usiokuwepo katika lugha yetu unamzindua msomaji. Lakini kuanzia 12:00 AM hadi 5:00 AM hakuna cha kumzindua, kwa kuwa saa kumi na mbili asubuhi ipo, saa moja asubuhi ipo, saa mbili, saa tatu, saa nne na hata saa tano asubuhi zote zipo na tunazitumia kila siku. Kila moja ya namba hizo inasomeka vizuri, inaleta maana, na inampotosha abiria kwa saa sita kamili. Maana yake ni kwamba saa za AM zikiwekwa mikononi mwa msomaji wa Kiswahili huwa salama asubuhi na huwa hatari usiku.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jambo hili halikutuumiza zamani. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Hapakuwa na basi la kuondoka Moshi saa sita usiku, wala saa saba, wala saa nane, kwa hiyo hata kama mtu angeandika 12:00 AM kwenye ubao wa ratiba, kila aliyeisoma angejua ni saa kumi na mbili asubuhi, na pengine hata aliyeiandika angekuwa amekusudia hivyo. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku na mchana. Ruhusa hiyo imetusaidia sana. Mfanyabiashara wa Kiboriloni anaweza kulala safarini, akaamkia Dar es Salaam, akanunua mali na kurudi. Lakini ratiba za mitandaoni zilianza kubeba zile saa za hatari, kuanzia 12:00 AM hadi 5:00 AM, ambazo hazikuwahi kuwemo, na wanaotengeneza mifumo hawakubadilisha namna ya kuziandika.

Ningependa kulisemea kidogo suala la hesabu yetu ya saa, kwa sababu nilipolalamika kwa simu mara ya kwanza, kijana aliyenipokea, ambaye alikuwa na adabu nzuri, aliniambia kwamba saa ya kimataifa ndiyo sahihi na sisi tunaigeuza. Hatuigeuzi. Sisi tunahesabu kitu kingine. Saa ya kwanza ya mchana kwetu ni ile inayokamilika baada ya jua kuchomoza, na saa ya kwanza ya usiku ni ile inayokamilika baada ya jua kuzama. Hesabu hii haiwezi kufaa katika nchi ambazo mchana wa kiangazi ni mrefu mara mbili ya mchana wa baridi, lakini hapa tulipo, digrii 3 na kidogo kusini mwa ikweta, mchana hauzidi wala haupungui saa 12 kwa zaidi ya dakika 20 hivi mwaka mzima. Moshi jua huchomoza kati ya dakika chache na dakika 40 hivi baada ya saa kumi na mbili, na huzama katika upana kama huo jioni. Mkulima wa Kibosho asiyevaa saa anaweza kutazama kivuli cha mgomba na kukuambia kwamba imekaribia saa nne, na asikosee sana.

Wala hatuko peke yetu. Waethiopia huhesabu kama sisi. Warumi wa kale waliugawa mchana wao katika saa 12 kuanzia kuchomoza kwa jua, na ndiyo maana anayesoma Injili ya Mathayo kwa Kiswahili hupata bahati ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana: anaposoma kwamba giza lilitanda tangu saa sita hata saa tisa siku ya kusulubiwa, hahitaji tanbihi ya kumfafanulia, kwa sababu saa sita ile ndiyo saa sita yake ya mchana, na saa tisa ile ndiyo saa tisa yake ya alasiri. Mwenye shamba la mizabibu katika Injili hiyo hiyo aliajiri vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, na yeyote aliyewahi kulima kahawa anajua mara moja kwamba yule wa saa kumi na moja alikuta kazi imekaribia kwisha. Hata neno la Kiingereza la adhuhuri, "noon", limetokana na Kilatini nona, yaani saa ya tisa. Lilikuwa jina la wakati wa sala ya alasiri, na katika Zama za Kati likasogea nyuma polepole hadi likatua katikati ya mchana. Waingereza wanapotaja adhuhuri wanatamka saa tisa yetu bila kujua.

Na tukizungumzia usahihi, adhuhuri ya jua haifiki Moshi saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, ambayo inapita karibu na Mogadishu, ilhali Moshi iko kwenye digrii 37 na theluthi moja hivi. Kila digrii ni dakika 4 za mwendo wa jua, kwa hiyo jua la utosini hutufikia kwa wastani dakika 30 baada ya saa sita, na katika mwaka husogea kutoka kama saa sita na robo mwanzoni mwa Novemba hadi kama saa sita na dakika 45 katikati ya Februari. Waumini wanaosikiliza adhana ya adhuhuri katika misikiti ya mjini wanalijua hili, maana hawajawahi kuisikia ikitolewa saa sita kamili. Kwa hiyo saa ya ukutani, iwe yetu au ya Kizungu, ni makubaliano. Sikatai makubaliano. Ninachosema ni kwamba makubaliano yanahitaji pande mbili, na huduma inayouza tiketi kwa Kiswahili kwa abiria wa Kilimanjaro haiwezi kusema imekubaliana nao kwa herufi mbili za Kilatini.

Mnara wa saa pale mzungukoni katikati ya mji unalithibitisha hilo kila siku. Mshale mfupi unapoelekea namba 12 mchana, mama anayeuza karanga chini yake anasema saa sita, mwanafunzi anasema saa sita, na dereva wa bodaboda anasema saa sita. Wote wanasoma namba iliyo upande wa pili wa duara bila kufikiri, na hakuna anayekosea, kwa kuwa jua liko juu ya vichwa vyao na uso wa saa haujaandikwa neno lolote la kubishana nalo. Tiketi ya simu haina jua. Ina namba na herufi tu, na abiria huisoma kitandani au jikoni, siku tatu kabla ya safari.

Kasoro ya pili niligundua kwenye tiketi yangu mwenyewe, nikiwa tayari nimeshajifunza kwamba 12:00 AM ni saa sita usiku. Nilitaka kusafiri usiku baada ya kazi ya Ijumaa. Nikachagua Ijumaa, nikakuta 12:00 AM, na nilikuwa karibu kulipa nilipojiuliza: saa sita usiku ipi? Ijumaa ina saa sita za usiku mbili, ile inayoifungua na ile inayoifunga. Kwa mfumo wao, 12:00 AM ya Ijumaa ni ule usiku unaofuata Alhamisi jioni, kwa hiyo ningelipa Ijumaa na kufika stendi Ijumaa usiku, ningekuwa nimechelewa siku nzima. Ilinibidi nichague Jumamosi ili nisafiri usiku wa Ijumaa. Katika ukurasa mzima hapakuwa na sentensi hata moja ya kunionya.

Kinachonisikitisha ni kwamba Kiswahili kimelitatua jambo hili zamani sana. Tunasema usiku wa kuamkia. Gazeti linaposema kwamba nyumba iliungua usiku wa kuamkia Jumamosi, hakuna msomaji anayejiuliza ni usiku upi, kwa kuwa usiku huo umefungwa kwenye asubuhi itakayoufuata. Hesabu ya kale ya pwani, ambayo Waislamu wanaendelea nayo katika ibada, huanza siku jua linapozama: Ramadhani huingia magharibi, tarawehe ya kwanza huswaliwa kabla ya mchana wa kwanza wa saumu, na usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Wakristo nao hukesha mkesha wa Pasaka usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Wazee wetu walijua kwamba usiku uko kati ya siku mbili na kwamba mtu asipotaja zote mbili anaweza kueleweka vibaya. Vijana wengi wa mjini siku hizi husema Ijumaa usiku wakimaanisha jioni ya Ijumaa na saa zinazofuata, na hilo si kosa, lakini ndiyo sababu neno kuamkia linahitajika zaidi sasa kuliko zamani, kwa sababu hesabu mbili zinaishi pamoja katika mji mmoja na hata katika nyumba moja.

Ugumu huu si wetu pekee. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, kile kiitwacho ISO 8601, kiliruhusu saa sita ya usiku iandikwe kwa namna mbili: 00:00 inapofungua siku na 24:00 inapoifunga. Toleo la mwaka 2019 liliiondoa 24:00, na marekebisho ya mwaka 2022 yakairudisha, kwa kuwa watu waliona kwamba wanahitaji njia ya kutaja mwisho wa siku bila kuitaja siku inayofuata. Nimewahi kupendekezewa kwamba huduma hii ingetumia saa 24, kama ujumbe wa benki unavyofanya, na nakubali kwamba 00:00 ingemwokoa shangazi, kwa sababu asingeweza kuisoma kama saa kumi na mbili asubuhi. Lakini 00:00 ya Ijumaa isingeniokoa mimi. Bado ningehitaji neno.

Mbali na zile tiketi nne za mtandaoni, tiketi yangu nyingine niliikata dirishani stendi, kwa wakala wa kampuni hiyo hiyo ya mabasi, siku ambayo simu yangu ilikuwa imezima. Dada yule alitoa tiketi kwenye mashine yake ndogo, nayo ikatoka na 12:00 AM kama kawaida. Kabla hajanikabidhi alichukua kalamu, akaizungushia duara ile saa, na pembeni akaandika kwa mkono: "Ijumaa kuamkia J'mosi, saa 6 usiku, fika saa 5:30." Nilimuuliza kama ameagizwa kufanya hivyo. Alisema hapana, ila amechoka kuwaona akina mama wakiwa wamekaa na mizigo yao alfajiri wakilingoja gari lililokwisha kwenda. Ninampa dada huyo alama zote ambazo ningeweza kuzitoa katika tathmini hii. Aliyafanya kwa mstari mmoja wa wino yale ambayo mfumo wa gharama umeshindwa kuyafanya.

Nilipolalamika mara ya pili, kwa maandishi safari hii, nilijibiwa ndani ya siku mbili kwamba maoni yangu yamepokelewa. Miezi miwili baadaye ukurasa ulibadilika. Herufi AM na PM ziliondolewa kwa wanaochagua Kiswahili, na mahali pake pakawekwa maneno asubuhi na jioni. Nilifurahi hadi nilipoifungua ratiba ya Moshi. Basi la saa sita usiku sasa limeandikwa 12:00 asubuhi, na lile la adhuhuri limeandikwa 12:00 jioni. Namba ni za Kizungu na maneno ni ya Kiswahili. Kabla ya mabadiliko hayo abiria makini angeweza kushtuka kwa kuziona herufi za kigeni na kuuliza. Sasa hana sababu ya kuuliza, kwa kuwa saa 12:00 asubuhi ni Kiswahili sanifu na fasaha kinachotaja saa nyingine kabisa. Aliyefanya kazi hiyo alidhani kwamba AM maana yake ni asubuhi. AM imebeba nusu nzima ya usiku, imebeba alfajiri, kisha ndiyo ikabeba asubuhi. Sisi tuna alfajiri, asubuhi, adhuhuri, mchana, alasiri, jioni, magharibi na usiku, na kila neno lina mipaka yake. Huwezi kuyagawa mawili ukayapachika mahali pa herufi mbili na kuacha namba vilevile.

Nimewaandikia tena, na safari hii nimewapa maandishi yenyewe ili wasipate shida ya kuyatafuta. Kwa basi la usiku, tiketi iseme: kuondoka saa 6:00 usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kwa basi la alfajiri iseme: saa 11:00 alfajiri, Jumamosi. Kwa wageni wanaosoma Kiingereza waandike 00:00 na tarehe, na waongeze tarehe ya jioni inayotangulia. Kama kuna ugumu wowote wa kuitamka saa sita usiku, waliondoe basi dakika moja mapema kwenye maandishi, liwe saa 5:59 usiku siku ya Ijumaa, nasi tutafika saa tano na nusu kama tulivyokuwa tukifika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mashine mpya.

Hadi ninapoandika haya sijajibiwa. Anayesafiri mchana, kwa mabasi ya kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa tano, anaweza kuitumia huduma hii kwa raha zote na siti yake ataikuta. Anayesafiri usiku namshauri aende dirishani, au akikata kwa simu apige na kumwuliza wakala kwa maneno kamili, jioni ya siku gani anatakiwa kuwa stendi. Shangazi ana miadi nyingine ya macho mwezi ujao na safari hii anataka kwenda usiku ili asipigwe na jua la Same. Nimemkatia kwa yule dada wa stendi. Tiketi iko kwenye mkoba wake, na shangazi, ambaye haoni vizuri maandishi madogo, ameomba binti yangu aiandike upya saa hiyo kwa kalamu nene nyuma ya bahasha: Jumanne kuamkia Jumatano, saa sita usiku.